Mafuta Yale Hayakuwa ya Tumbo Langu

Kwanza nisafishe jina. Ukipita Chaani leo ukamuuliza mtu habari za Badawi, yule aliyekuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini Kipevu, utaambiwa ni mzee mzuri, ana mdomo, na mwaka huu alifunga choo siku nyingi mpaka akanunua chupa tatu za mafuta ya parafini, yale ya kulainisha tumbo, kwa mkupuo mmoja. Hayo mawili ya mwanzo sina ubishi nayo. La tatu ni uongo, na limeniletea mapapai kumi na moja mlangoni, kila papai na pole yake. Mafuta yale yalikuwa ya mke wangu, na mke wangu naye tumbo lake halina neno. Alikuwa anaotesha fuwele.

Cheka tu. Hata mimi nilicheka mara ya kwanza.

Mke wangu ni Mastura binti Jafar, mtu wa Likoni, wa ukoo wa wakulima. Watu humwita Mama Ummi, kwa jina la binti yetu. Kwetu sisi ni watu wa biashara, tunaishi kwa maneno. Kwao ni watu wa kupanda kitu na kunyamaza mpaka kiote. Nilipomposa nilidhani naoa mwanamke mpole. Kumbe nilioa mwanamke anayejua kungoja, na hao ni watu wawili tofauti.

Ana miaka ishirini na miwili katika maabara moja ndogo ya utafiti hapa Changamwe, ghorofani, juu ya barabara wanayopita malori ya makontena. Alianza kwa kuosha chupa. Aliziosha mpaka akajua kila chupa ilikuwa na nini ndani, halafu akajua kile kilichokuwa ndani hufanya kazi gani, halafu wenye digrii wakaanza kumuuliza mambo kwa sauti ya chini. Lakini utafiti wao unapochapishwa, majina ya juu ni yao. Mastura huwekwa mwisho kabisa, katika ile sentensi ya kuwashukuru wote waliosaidia, yeye na aliyeleta jenereta.

Kazi ya mwaka huu ilikuwa ya mlonge. Kwao Likoni tangu zamani mabibi walisaga mbegu za mlonge wakatia kwenye maji ya tope, na tope likashuka chini. Ndani ya mbegu mna protini inayoifanya kazi hiyo, na maabara ilitaka kulijua umbo lake. Sasa protini ni kitu kidogo mno, hakionekani hata kwa hadubini. Dawa yake ni kuibembeleza mpaka igande, zile chembe zijipange safu kwa safu ziwe fuwele, punje ngumu yenye pembe mfano wa punje ya sukari. Punje hiyo hupelekwa ng'ambo kwenye mtambo, ikapigwa miale, na kutoka kwenye miale wataalamu wa huko wakasoma umbo. Sanduku la kupeleka fuwele hizo lilikuwa liondoke Jumatatu moja ya mwezi wa tano. Kila fuwele na kibandiko chake, na kila kibandiko na jina la aliyeiotesha.

Mkuu wa maabara ni Daktari Anis, kijana wa miaka arubaini, mwenye adabu zake. Alimwambia Mastura, "Mama Ummi, mbegu zimetoka kwenye mti wa babako, na protini umeisafisha wewe. Fuwele ikiota, jina litakuwa lako." Siku ile mke wangu alirudi nyumbani akapika biriani, na ilikuwa Jumanne tu. Nimeishi naye miaka thelathini. Nikajua jambo limefika moyoni.

Ugomvi ulikuja kwenye namna ya kuotesha. Daktari Anis alisomea ng'ambo, na huko alikosomea walitumia kitone cha kuning'inia. Unachukua kitone cha protini na dawa ya kugandishia, unakiweka juu ya kigae cha kioo, kisha unakipindua kioo kichwa chini juu ya kishimo chenye dawa kali zaidi, ukakiziba pembeni kwa grisi. Kitone kinaning'inia humo kama kilivyo, maji yanakitoka polepole siku baada ya siku, protini inabanwa, inabanwa, mpaka inakubali kuganda. Ni njia nzuri. Nafikiri ni nzuri kwa watu ambao nje ya dirisha lao hapapiti lori.

"Daktari," alisema Mastura, na haya nilihadithiwa na yeye mwenyewe, "hapa trela likipita, kikombe cha chai chahama mezani. Hicho kitone kitaning'inia na nani?"

Yeye alitaka njia nyingine. Kitone unakiweka chini kwenye kishimo, unakichanganya sawasawa tangu mwanzo, halafu unakifunika kwa mafuta ya parafini mpaka kizame. Hakining'inii na hakianguki. Maji hayakitoki, kwa hivyo umeme ukikatika na joto likapanda, hakikauki. Tena kitone kidogo sana kinatosha, na protini ya mlonge haikuwa nyingi.

"Haya umeyatoa wapi?" akauliza Daktari.

"Kwenye kitabu chako, sura ya sita. Na kwenye achari."

Hapa lazima nieleze kwamba achari ya Mastura si kitu cha mchezo. Ndimu zake hukaa chupani mwaka mzima, na siri yake ni moja: kila ndimu izame ndani ya mafuta. Inayochungulia nje huota ukungu, iliyozama haikauki wala haiharibiki. Mama yangu mzazi, ambaye hakuwahi kumsifu mkwe hadharani, alikuwa akiificha chupa ya achari ile chini ya kitanda.

Daktari Anis akasema, "Achari si sayansi, Mama Ummi," kwa upole kabisa, na akaamua kitone kining'inie. Kwa ajili ya malori akanunua kipande cha godoro, akaiweka sahani ya vishimo juu yake. Wiki ya kwanza vitone vingi vikaanguka. Akaongeza godoro la pili. Mastura alikuwa akitayarisha dawa, akipanga vitone, akitazama sanduku likikaribia.

Sasa naingia mimi, na hapa ndipo ningependa kupita mbio.

Tangu nistaafu humpelekea Mastura chakula cha mchana kazini. Si kwamba ameniomba. Mtu akizoea miaka thelathini kukimbizana na karatasi za makontena, akikaa nyumbani hugombana na paka. Jumatatu moja, wiki moja kabla ya sanduku kuondoka, nilifika na wali na mchuzi wa papa nikakuta chumba kitupu, Mastura yuko ofisini kwa Daktari. Chini ya meza palikuwa na dumu jeupe la lita kumi. Nikaliinua kwa mguu. Jepesi.

Bibi yangu mzaa baba alitulea kwa sheria chache, na moja ni hii: chombo cha maji hakiachwi kitupu. Ukipita ukakikuta kitupu ukakiacha, unaiombea nyumba ukame. Kwetu hata mgeni akiukuta mtungi mtupu huujaza kabla hajaketi. Mimi sheria hiyo iko mkononi, wala haipiti kichwani. Nikalichukua dumu, nikashuka nalo mpaka bomba la nje wanakotawadhia watu, nikalijaza pomoni, nikalirudisha chini ya meza na kifuniko nikakikaza. Nikaenda zangu nikiwa na raha ya mtu aliyefanya jambo la heri bila kutaka ashukuriwe.

Lile lilikuwa dumu la maji yaliyokenekwa, yale yasiyo na chumvi hata chembe, jamii ya maji ya betri. Na bomba la nje ni la kisima. Mtu wa bara hii ya Mombasa hahitaji kuelezwa maji ya kisima yalivyo. Yana chumvi na chokaa ya matumbawe, sabuni haitoi povu, na birika lako baada ya mwezi lina gamba ndani.

Kesho yake Mastura alichanganya dawa kwa maji yale. Jumatano vitone vya Daktari Anis vikajaa fuwele.

Maabara nzima ilishangilia. Zilikuwa kubwa, angavu, zenye pembe kali, na zilikuwa zimeota juu ya magodoro mawili na malori yakipita. Daktari alipiga picha, akawatumia walimu wake wa ng'ambo, akaagiza halwa na kahawa. Mimi nilifika na chakula nikakuta sherehe, nikala halwa vipande viwili. Nakumbuka nilimwambia Mastura, "Waona sasa, kijana alijua."

Mastura hakula. Jana yake mchana protini haikuwa na dalili yoyote, leo imegeuka vito. Mtu wa shamba hukitilia shaka kitu kinachoota haraka. Alhamisi asubuhi alichukua sindano nyembamba, akaitia chini ya hadubini, akaigusa fuwele moja. Fuwele ya protini ina maji mengi ndani yake, ni laini, ukiisukuma inavunjikavunjika kimyakimya. Hii ililia tak. Akagusa ya pili, tak. Chumvi tupu. Chokaa ya kisima ilikutana na dawa yao, ikajitengenezea fuwele zake yenyewe, na protini ya mlonge ikaharibikia humo humo.

Daktari Anis alikuwa ameshatuma picha. Nadhani hilo ndilo lililomchoma. Alimsemesha Mastura mbele ya watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Dawa anachanganya nani? Maji yametoka wapi? Miaka ishirini na miwili hajui maji ya kutumia? Mastura akajibu kwamba alichota kwenye dumu lake lile lile la siku zote. Daktari akasema basi nafasi ya mlonge kwenye sanduku atampa mwingine.

Alirudi nyumbani jioni akaniambia yote hayo akiwa anamenya vitunguu, na hakulia hata kwa vitunguu. "Sijui nimekosea wapi," alisema. "Dumu lilikuwa limejaa. Nilidhani ni mtu wa stoo amelijaza."

Mimi nilikuwa nimeshika tonge. Nililila. Nikala na jingine. Nilikuwa najua, na niliogopa, na ndio ukweli wenyewe. Miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kueleza kwa nini mzigo umechelewa, na sikumbuki hata mara moja mzigo uliochelewa kwa sababu yangu. Ni meli, ni mvua, ni karatasi ya mtu mwingine. Nilimtazama mke wangu akitafuta kosa lake kwenye kichwa chake, akihesabu kila alichogusa wiki nzima, na mimi nikamwambia, "Huenda maji yalibadilika yenyewe." Aibu ya maneno yale ninayo mpaka sasa.

Ijumaa baada ya sala nilikwenda maabara na kanzu yangu ya msikitini. Njiani nilijaribu namna nne za kulisema. Moja ilianza na bibi yangu, moja ilimtaja mtu wa stoo. Nilipoufikia mlango zote zilinikimbia.

"Shikamoo, mzee," akasema Daktari Anis.

"Marahaba. Dumu nililijaza mimi."

Mastura akageuka polepole. "Dumu gani?"

"Lako. Jumatatu ile. Kwa maji ya bomba la nje."

"Kwa nini, Baba Ummi?"

"Lilikuwa tupu."

Lori likapita, vioo vikatetemeka. Daktari Anis akaketi juu ya godoro lake la pili. Aliweka mkono usoni, na mimi sikujua kama analia au anacheka, mpaka aliposimama akamwendea Mastura. "Nilikusema vibaya, Mama Ummi, na mbele ya watu. Niwie radhi."

"Maneno tutayasema Jumanne," akajibu mke wangu. "Leo ni Ijumaa, na sanduku laondoka Jumatatu. Protini imebaki kiasi gani?"

Ilikuwa imebaki kidogo mno, ya kufunika ukucha. Kwa njia ya Daktari ingetoa vitone viwili, na vyote viwili juu ya barabara ya malori. Kwa njia ya mafuta ingetoa sita. Daktari alitazama magodoro yake. Nilimwona akitaka kusema neno juu ya kuning'inia, akalimeza.

"Mafuta hatuna," alisema. "Sikuagiza."

"Yapo duka la dawa, yale ya kunywa," akasema Mastura, akanigeukia. "Wewe. Chupa tatu."

"Mbona tatu?"

"Moja ya kazi. Moja ya akiba. Na moja ya wewe kuvunja njiani."

Duka la dawa ni la Mwidani, mtu mzuri lakini ana sauti ya mwadhini. Pale kaunta palikuwa na watu sita, wote wa mtaa wetu. Nikamnong'oneza, chupa tatu za mafuta ya parafini.

"Siku ngapi sasa, mzee?" akauliza Mwidani, na nadhani walisikia mpaka stendi.

"Si yangu. Ni ya mke wangu."

"Mama Ummi? Masikini. Siku ngapi hajaenda?"

Watu sita wakanitazama. Nikauona huo mkutano wa kesho, wanawake wanamjia mke wangu kumpa pole ya tumbo, siku ambayo hana hata dakika moja ya kupoteza. Nilikuwa nimeshamwangushia lawama moja wiki ile. Ya pili sikuweza.

"Ni yangu," nikasema. "Nilikuwa naona haya."

"Haya ya nini, ugonjwa ni wa Mungu. Lakini chupa moja yawatosha watu wawili."

"Nipe tatu."

Mwidani akatikisa kichwa kwa huruma, akanifungia, akanishauri papai bivu asubuhi kabla ya chai. Waliosikia walisikia, na waliosikia wakatenda. Mapapai yalianza kufika kabla ya magharibi.

Chupa zote tatu zilifika salama, naomba hilo liandikwe. Kilichotumika hakikufika hata kijiko kimoja. Mastura alikamua vitone vyake sita kwa mkono usiotikisika, akavifunika kimoja kimoja kwa mafuta, nami nimeketishwa pembeni nimeamriwa mikono iwe juu ya magoti. Trela likapita. Chai yangu ikacheza kikombeni. Vitone vilitulia chini ya mafuta, mfano wa ndimu chupani.

Jumamosi hakuna kitu. Nilimwambia, "Labda tuongeze dawa." Akaniambia niende nikale papai.

Jumapili alasiri alinipigia simu kuniita, akasema neno moja tu, "Ndoo." Nikaenda mbio. Akanionyesha kwenye hadubini. Ndani ya kitone cha nne palikuwa na fuwele tatu ndogo, hazikung'aa kama zile za chumvi, zilikuwa za kiasi, zimetulia. Mastura alikuwa na sindano mkononi.

"Usiziguse," nikamwambia. "Mama Ummi, ziko tatu tu. Zipeleke hivyo hivyo."

"Nisipovunja moja sitajua. Nipeleke chumvi ng'ambo kwa jina langu?"

Akaishusha sindano. Mimi nilitega sikio karibu na hadubini, nikingoja tak. Nilingoja sana. Nikauliza, "Vipi?" Nikamtazama, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na sindano bado kaishika sawa. Fuwele ilikuwa imelainika na kusambaratika kama muhogo uliochemka, bila ya sauti. Nikalia na mimi, sina haja ya kuficha. Niliogopa siku tatu kwamba nimemnyang'anya mke wangu kitu alichokingoja miaka ishirini na miwili, na nimemnyang'anya kwa dumu la maji.

Daktari Anis alikuja na kikoi chake cha nyumbani. Akatazama kwa hadubini muda mrefu. Alipoinua kichwa aliuliza, "Mama Ummi, ile achari, mafuta watia ya moto au yaliyopoa?"

"Yaliyopoa," akasema Mastura.

Jumatatu sanduku liliondoka. Kibandiko aliandika mwenyewe, herufi kubwa: Mlonge, Mastura Jafar. Jumanne, kama alivyoahidi, yale maneno yakasemwa, kwanza kwa Daktari, nusu saa mlango umefungwa. Halafu jioni yakasemwa kwangu, na hayo ni ya nyumbani kwangu.

Baada ya wiki tano ikaja picha kutoka ng'ambo. Ukiitazama utaona vidoti vyeusi tu vimejipanga duara kwa duara kwenye karatasi nyeupe, lakini Daktari Anis alipoiona alirusha kofia. Mlonge ulikuwa umekubali kusomwa. Utafiti utachapishwa, na safari hii Mastura hayumo kwenye shukurani. Jina lake ni la pili, na la kwanza ni la Daktari, naye alitaka wabadilishane, Mastura ndiye aliyekataa. Alisema la pili latosha mwaka huu.

Picha ile tuliitia fremu. Ukutani sebuleni palikuwa na msumari mmoja mzuri, na msumari huo ulikuwa na picha yangu ya kustaafu, nimevaa suti, nimeshika saa ya ukutani niliyopewa zawadi. Niliiteremsha mwenyewe. Mastura akakubali vidoti vitundikwe pale kwa sharti moja: mgeni akiuliza ni nini kile, mwenye kueleza ni mimi, tangu mwanzo, na nisiruke kitu.

Nimeeleza mara nyingi sasa, kwa mashemeji, kwa imamu, na kwa Mwidani aliyekuja kunijulia hali ya tumbo. Juzi alikuja mgeni wa maana, rafiki yangu wa zamani wa Kipevu ambaye maisha yake yote ameniona mimi ni mtu asiyekosea. Nikamweleza mlonge, nikamweleza malori na magodoro, nikafika kwenye chumvi. Nikasema, "Basi maji yakawa yamechafuka kidogo, halafu..."

Jikoni mwiko ukaacha kukoroga.

"Baba Ummi," sauti ikasema, "dumu."